Giaboksi Iliyochoka: Kuifungua au Kuibadili?

Shule nyingi za sekondari zilizo mbali na mji zina gari moja tu. Gari hilo ndilo linaloleta unga na maharage, ndilo linalokwenda wilayani kuchukua karatasi za mitihani, na ndilo linalompeleka hospitali mwanafunzi aliyeshikwa na homa usiku wa manane. Siku giaboksi yake inapoanza kunguruma, au gia ya pili inapoanza kuchomoka yenyewe mlimani, shule hukabiliwa na swali ambalo halimo katika vitabu vya fizikia, ingawa karibu kila kinachohitajika kulijibu kimo humo: je, giaboksi hiyo ifunguliwe na kutengenezwa papo hapo kwa mikono ya walimu, wanafunzi na fundi wa jirani, au itolewe nzima na kuwekwa nyingine mahali pake?

Aghalabu swali hili hujibiwa kwa mazoea. Wako wanaoamini kwamba giaboksi ikishafunguliwa haitakuwa tena kama ilivyotoka kiwandani. Wako na wengine wanaoona kwamba kununua giaboksi nzima ni kutupa fedha, ilhali kilichokufa ni beringi moja. Kila upande una mifano yake, na kila upande huisahau mifano inayoupinga. Kumbe jibu hutegemea jambo moja ambalo laweza kuchunguzwa, nalo ni kujua ni sehemu gani hasa iliyoharibika, na sehemu hiyo iliundwa ili iweje.

Kilichomo ndani

Mfano unaofaa kutazamwa ni giaboksi ya gia nne ya Land Rover ya Series III, gari lililoundwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985 na ambalo bado linaonekana katika barabara za vijijini. Muundo wake ni wa wazi, na mantiki yake yafaa kwa giaboksi nyingi za kubadili kwa mkono katika magari ambayo injini imelazwa mbele na nguvu hupelekwa nyuma kwa propela shafti.

Ndani ya sanduku hilo mna shafti tatu. Ya kwanza huleta nguvu kutoka kwenye klachi. Iitwe shafti ya kuingizia. Mwishoni mwake mna gia iliyoumana daima na gia ya shafti ya pili, iliyolala chini yake, ambayo hapa itaitwa shafti ya kati. Shafti ya kati hubeba gia za ukubwa mbalimbali, na kila moja huumana na mwenzake aliye juu ya shafti ya tatu, yaani shafti kuu inayotoka kuelekea magurudumuni. Gia hizo za juu huzunguka ovyo juu ya shafti kuu bila kuisukuma, mpaka dereva anapovuta mkono wa gia na kuifunga mojawapo. Hapo nguvu hushuka kutoka shafti ya kuingizia hadi shafti ya kati, kisha hupanda tena kwenye shafti kuu kupitia ile gia iliyofungwa.

Gia ya nne ni tofauti, na mwanafunzi yampasa aishike tofauti hiyo kwa sababu itamfaa baadaye. Katika gia ya nne shafti ya kuingizia hufungwa moja kwa moja na shafti kuu, zikazunguka kama kitu kimoja. Shafti ya kati huendelea kuzunguka, lakini haibebi mzigo wowote.

Ili gia ifungwe bila kelele, hapana budi vitu viwili vinavyokutana viwe na kasi moja. Zamani kazi ya kulinganisha kasi ilikuwa ya dereva mwenyewe, aliyekanyaga klachi mara mbili na kuipa injini mafuta kidogo katikati. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye kifaa kilichobuniwa na Earl Thompson, ambacho kilifanya kazi hiyo kwa msuguano: pete ya shaba ya manjano yenye umbo la pia hujibana juu ya gia na kuiburuta mpaka kasi zilingane, ndipo meno yaingiliane. Kifaa hicho ndicho sinkromeshi. Land Rover za kabla ya Series III zilikuwa nacho kwenye gia ya tatu na ya nne tu, na madereva wa zamani waliozizoea walijulikana kwa sauti ya mguu wao.

Sasa vitu hivyo vyote vyaweza kugawanywa katika makundi mawili, na mgawanyo huu ndio kiini cha mambo. Kundi la kwanza ni la vitu vilivyoundwa vife kabla ya wenzao: beringi, sili za mafuta, pete za sinkromeshi, springi ndogo na gasketi. Kundi la pili ni la vitu vilivyoundwa vidumu maisha ya gari: gia zenyewe, shafti, na sanduku linalozibeba. Kilichokufa kikiwa cha kundi la kwanza, kutengeneza ni jambo la akili. Kikiwa cha kundi la pili, aghalabu kubadili giaboksi nzima ni nafuu, hata kama machoni inaonekana ghali.

Kusikiliza kabla ya kushika spana

Makosa makubwa katika kazi hii hufanywa kabla boliti ya kwanza haijalegezwa. Giaboksi hutolewa kwa jasho la siku mbili, hufunguliwa, na kumbe tatizo lilikuwa kwenye klachi. Kwa hiyo gari lichunguzwe kwanza likiwa zima, na chombo cha kwanza cha uchunguzi ni sikio.

Gari lisimame, injini iwake, mkono wa gia uwe huru, na mguu uwe mbali na klachi. Katika hali hii shafti ya kuingizia na shafti ya kati zinazunguka, lakini shafti kuu imesimama. Ikisikika ngurumo, kisha klachi ikakanyagwa na ngurumo ikafa polepole, mshukiwa ni beringi ya shafti ya kuingizia au zile za shafti ya kati, kwa kuwa kukanyaga klachi ndiko kulikozisimamisha. Mambo yakiwa kinyume, yaani kimya kiwepo kwanza na mlio uanze pale klachi inapokanyagwa, basi giaboksi haina hatia. Kinacholia ni beringi ya klachi yenyewe.

Gari liendeshwe. Ngurumo ikisikika katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, lakini ikatoweka katika gia ya nne, msomaji atakumbuka kwamba katika gia ya nne shafti ya kati haibebi mzigo. Basi ugonjwa uko kwenye shafti ya kati, ama katika beringi zake ama katika gia zake. Ngurumo ikisikika katika gia moja tu, ni jozi ya gia hiyo. Na ikiwa mlio haujali ni gia gani imewekwa, bali hupanda na kushuka kwa kufuata mwendo wa gari barabarani, yafaa kutazama nyuma zaidi, kwenye transfa, kwenye propela shafti au kwenye difu. Kwa dakika 10 za kusikiliza, sehemu kubwa ya giaboksi huwa imekwisha kuondolewa katika orodha ya washukiwa bila mtu kuchafua mikono.

Kuna kelele za aina mbili ambazo sikio lisilozoea huzichanganya. Beringi iliyochakaa hunguruma mfululizo, kama mawe yanayosagwa mbali. Jino lililovunjika hugonga. Tofauti hiyo yaweza kuhesabiwa. Gia yenye meno 20 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 25 kwa sekunde. Meno yake yote yakiwa mazima, yatakutana na ya mwenzake mara 25 × 20, yaani mara 500 kwa sekunde, na sikio litasikia mlio wa juu wa mitetemo 500. Jino moja likikosekana, pengo litapita mara moja kwa kila mzunguko, yaani mara 25 tu kwa sekunde: mgongo mzito unaosikika hata mkononi, juu ya mkono wa gia. Mwalimu mwenye darasa la fizikia angeweza kulitumia gari la shule kama maabara ya sauti kwa kipindi kizima.

Ugumu wa kuingiza gia nao una lugha yake. Gia moja tu ikikwaruza wakati wa kuingia, pete yake ya sinkromeshi imelika. Gia zote zikikwaruza, hasa ile ya kurudi nyuma gari likiwa limesimama, ni klachi isiyoachia. Kuthibitisha ni rahisi: klachi ikanyagwe, ihesabiwe mpaka 5, ndipo gia ya nyuma iwekwe. Ikiwa klachi inaachia sawasawa, shafti ya kati itakuwa imepunguza kasi au kusimama. Ikiwa bado inakwaruza, klachi inaburuta, na dawa yake huenda ni mafuta ya haidroliki yaliyopungua.

Gia inayochomoka ni kesi ngumu zaidi, kwa kuwa washukiwa ni wengi: meno ya kufungia yaliyolika kwenye ncha, uma wa kusukumia uliochakaa, beringi iliyolegea na kuacha shafti iyumbe, mpira wa kushikilia injini uliokatika, au springi ndogo inayoshikilia fimbo ya gia mahali pake. Hiyo springi ni ya bei ndogo mno, na katika magari mengi hufikiwa bila kuitoa giaboksi. Ijaribiwe kwanza.

Ushahidi wa mafuta

Baada ya sikio, mafuta. Gari likiwa bado na joto, mafuta ya giaboksi yamwagwe katika karai safi na yaachwe yatulie. Boliti za kumwagia mafuta katika magari mengi zina sumaku, na isipokuwepo, sumaku ya maabara iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni itafanya kazi hiyo hiyo.

Ujiujiuji wa kijivu, laini kama poda, si habari. Chuma hukutana na chuma, na vumbi lake hukusanyika. Chembe zinazometa kwa rangi ya dhahabu, zisizovutwa na sumaku, ni pete za sinkromeshi zinazokwisha. Hizo ni za kundi la kwanza. Mafuta yaliyo meupe kama maziwa yameingia maji, pengine gari lilivuka mto na tundu la kupumulia likanywa. Lakini vipande vya chuma vyenye kingo kali, vinavyoweza kushikwa kwa kucha, ama magamba membamba yanayong'aa upande mmoja, ni ngozi ya gia au ya njia ya beringi iliyobanduka. Hapo hukumu huanza kuelemea upande wa kubadili.

Karai likiwa karibu tupu, hiyo nayo ni taarifa, na huenda ikawa kubwa kuliko zote. Giaboksi nyingi haziuawi na mzigo. Huuawa na sili iliyovuja miezi mingi bila mtu kutazama.

Kwa nini gia haitengenezeki

Mafundi wengine hujaza jino lililovunjika kwa kuchomelea, kisha hulichonga kwa tupa mpaka lifanane na wenzake. Kwa macho, kazi huwa nzuri. Barabarani haikai, na sababu iko ndani ya chuma chenyewe.

Gia ya gari hutakiwa iwe na sifa mbili zinazopingana. Uso wake uwe mgumu sana ili usilike, na moyo wake uwe wa kunyumbuka kidogo ili jino lisikatike kama kioo linaposhtuliwa. Hakuna chuma cha pua kimoja kinachotoa sifa zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo gia huchongwa kwanza kutoka chuma chenye kaboni kidogo, kiasi cha sehemu 0.2 kwa 100, kisha huwekwa katika tanuri la joto la nyuzi zipatazo 900 za Selsiasi au zaidi kidogo, ndani ya gesi yenye kaboni nyingi. Kaboni hupenya usoni kwa saa kadhaa mpaka ifike kama sehemu 0.8 kwa 100, halafu gia hupozwa ghafla. Matokeo yake ni ngozi ngumu yenye unene usiozidi sana milimita 1, juu ya moyo ulio laini.

Ngozi hiyo ndiyo maisha ya gia. Ikianza kuwa na vishimo vidogo, jino halitapona. Kila kishimo kina kingo, kila ukingo hubeba mzigo kuliko jirani yake, na kila mzunguko hubandua kidogo zaidi. Tupa ikiiondoa, chuma laini hukabidhiwa kazi ambayo hakikuumbiwa. Moto wa kuchomelea nao huharibu ugumu wa meno ya jirani hata kama haukuyagusa. Tena gia huzoeana kwa jozi: gia mpya iliyoumanishwa na ya zamani iliyolika hunguruma tangu siku ya kwanza, kwa hiyo mwenye kununua gia moja hujikuta amenunua mbili, kisha tatu. Hapo ndipo giaboksi nzima inapokuwa rahisi.

Shafti nazo zichunguzwe vivyo hivyo pale beringi zinapokaa. Mahali hapo pakiwa na mfereji unaosikika kwa ukucha, beringi mpya haitapata kiti imara. Sanduku likiwa na ufa kwenye ukuta unaobeba beringi, mjadala umekwisha.

Giaboksi ya mtumba

Neno "kubadili" linaponenwa Afrika Mashariki, mara chache huwa na maana ya kitu kipya kutoka kiwandani. Maana yake ni giaboksi iliyotolewa katika gari jingine. Kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto kama Japani, magari yaliyotumika huko humiminika huku, na vipuri vyake pia. Gerezani mjini Dar es Salaam, Kirinyaga Road mjini Nairobi na soko la Kisekka mjini Kampala ni mahali panapojulikana na kila fundi.

Mnunuzi hapo habadilishi kibovu kwa kizima. Hubadilisha kinachojulikana kwa kisichojulikana. Giaboksi yake mwenyewe, hata ikiwa mbovu, imekwisha kutoa ushahidi: sauti yake, mafuta yake, historia ya gari. Ile ya dukani imepigwa mswaki na kupakwa rangi ya fedha, na haisemi lolote.

Uzito wa kutojua huku waweza kuonekana katika kanuni ya umri wa beringi. Wahandisi hawasemi beringi itadumu muda fulani. Husema kwamba kati ya beringi 100 za aina moja, chini ya mzigo uleule, 90 zitavuka idadi fulani ya mizunguko. Zile 10 zitakufa kabla. Tena kwa beringi za gololi, umri huo hupungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo. Mzigo ukizidishwa mara 2, umri hugawanywa kwa 2 × 2 × 2, yaani kwa 8. Mzigo ukiongezeka kwa robo tu, umri hupungua karibu kwa nusu, maana 1.25 × 1.25 × 1.25 ni 1.95. Kwa hiyo giaboksi mbili zilizotembea kilomita zile zile, moja ikivuta tela la mchanga na nyingine ikimpeleka mzee sokoni, hazina umri mmoja hata kidogo, na hakuna rangi ya fedha inayoonyesha tofauti hiyo.

Walakini mnunuzi si kipofu kabisa. Shafti ya kuingizia izungushwe kwa mkono katika kila gia na kusikilizwa. Isukumwe juu na chini ili kuona kama imelegea. Kidole kipitishwe ndani ya tundu la mafuta, kisha kinuswe: mafuta yaliyoungua yana harufu kali isiyofichika. Kwenye giaboksi za aina ya Land Rover, kifuniko cha juu chaweza kufunguliwa na meno yakaonekana yote; muuzaji anayekataa kifuniko hicho kifunguliwe amekwisha kujibu. Namba zilizochorwa kwenye sanduku zilinganishwe na za ile ya zamani, na mifereji ya shafti inayoingia kwenye klachi ihesabiwe. Giaboksi nzuri isiyolingana na klachi ni uzito wa chuma tu.

Hesabu ya wanafunzi

Uamuzi wenyewe unaweza kuandikwa kwa aljebra ya kidato cha pili. Ichukuliwe kwamba kazi ya kuitoa giaboksi na kuirudisha inagharimu laki 2 za shilingi, vipuri vya kundi la kwanza laki 5, na giaboksi ya mtumba laki 9. Namba hizi ni za mfano wa hesabu, si bei za soko. Uwezekano wa matengenezo ya nyumbani kushindwa uitwe p, na uwezekano wa mtumba kushindwa uitwe m. Ichukuliwe pia kwamba chochote kikishindwa, itanunuliwa giaboksi ya mtumba na kazi kurudiwa, yaani laki 11 nyingine.

Gharama inayotarajiwa ya kutengeneza ni 7 + 11p. Ya kubadili ni 11 + 11m. Kutengeneza kuna nafuu iwapo 7 + 11p ni ndogo kuliko 11 + 11m, yaani iwapo p haizidi m kwa zaidi ya 4/11, karibu 0.36. Jibu hili huwashangaza watu. Hata kama mafundi wa nyumbani wana hatari kubwa zaidi ya kushindwa kuliko giaboksi ya dukani, madhali tofauti haijafika theluthi moja na kidogo, bado yafaa wajaribu.

Lakini gia mbili na shafti ya kati zikiongezwa, vipuri vikapanda hadi laki 10, upande wa kushoto huwa 12 + 11p. Sasa lazima p iwe ndogo kuliko m kwa 1/11. Mafundi wa nyumbani hawana budi wawe wa kuaminika kuliko giaboksi ya dukani, na ni wachache wanaoweza kudai hivyo kwa haki. Hesabu hiyo hiyo huonyesha thamani ya dhamana. Muuzaji akikubali kwa maandishi kubadilisha giaboksi itakayokataa, kushindwa kwa mtumba hugharimu laki 2 za kazi tu, na gharama yake inayotarajiwa hushuka hadi 11 + 2m. Wanafunzi wajaribu wenyewe kuweka m kuwa 0.2, na waone p yaweza kupanda mpaka wapi kabla na baada ya dhamana hiyo.

Kilichoachwa nje ni muda. Shule ambayo gari lake ndilo ambulensi haiwezi kungoja wiki tatu kwa ajili ya beringi inayotoka mjini. Kila siku ya kungoja iingizwe katika hesabu kwa gharama ya gari la kukodi, na mara nyingine siku hizo peke yake hugeuza jibu.

Wakiamua kufungua

Giaboksi ya Land Rover hii hutolewa kupitia ndani ya gari, baada ya kuondoa viti na sakafu. Katika magari mengi mengine hushushwa chini, na hapo ndipo watu hufa. Mzigo wa kilo 60 ulioinuliwa nusu mita una nishati ya 60 × 9.8 × 0.5, yaani jouli 294, sawa na nyundo ya kilo 1 inayoanguka kutoka urefu wa mita 30. Na huo ni uzito wa giaboksi peke yake, si wa gari. Hakuna mtu apaswaye kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki tu. Gari lilale juu ya stendi za chuma au magogo mapana, magurudumu yazuiwe, na wanafunzi wakae kando mpaka mzigo uwe sakafuni. Sehemu zisafishwe kwa dizeli au mafuta ya taa mahali penye hewa, kamwe si kwa petroli.

Beringi mpya mara nyingi hubana sana, na nyundo ndiyo huziua. Kani ikipita katikati ya gololi huacha alama kwenye njia yake, na beringi huanza kunguruma ikiwa mpya. Njia bora ni joto. Chuma cha pua hutanuka kwa sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Beringi yenye tundu la milimita 35 ikipashwa katika mafuta kutoka nyuzi 25 hadi 105, tundu lake litapanuka kwa 35 × 0.000012 × 80, yaani milimita 0.034. Ni karibu nusu ya unene wa unywele, lakini yatosha beringi iteleze mahali pake yenyewe. Kipimajoto cha maabara kitumike na joto lisizidi nyuzi 120, kwa kuwa zaidi ya hapo ugumu wa beringi huanza kupotea. Beringi inayosukumwa baridi isukumwe kwa ule mviringo unaobana, si kwa mwingine.

Wakati wa kurudisha, nafasi ya shafti kusogea mbele na nyuma ipimwe kwa vibamba vya kupimia na irekebishwe kwa washa nyembamba kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Hii ndiyo sehemu ambayo haraka huiharibu. Sili zote ziwe mpya. Klachi ichunguzwe giaboksi ikiwa nje, na sili ya nyuma ya injini pia, kwa maana kazi ya kufika hapo imekwisha kulipiwa. Mafuta yawe ya daraja lililoandikwa na mtengenezaji. Mafuta ya GL-5 yana dawa nyingi zaidi za salfa na fosforasi kuliko ya GL-4. Dawa hizo hulinda meno ya difu, lakini baadhi yake hushambulia shaba, na pete za sinkromeshi ni za shaba.

Yote yaliyosemwa yahusu giaboksi za mkono. Giaboksi ya otomatiki huendeshwa na mafuta yanayopita katika njia nyembamba zenye vali nyingi, na chembe moja ya mchanga yaweza kukwamisha vali. Zile zenye mkanda wa chuma na mapulizi yanayobadili kipenyo ni nyeti zaidi. Kwa hizo, mwenye gari asiye na chumba kisicho na vumbi na vyombo vya kupimia shinikizo afanye kazi mbili tu: abadili mafuta na chujio kwa wakati, na akishindwa hapo apeleke kwa fundi wa kazi hiyo au aibadili nzima.

Giaboksi iliyotengenezwa iendeshwe kwa upole kilomita 500 za mwanzo bila tela. Kisha mafuta yamwagwe tena katika karai lile lile safi, na sumaku itazamwe kwenye mwanga wa jua.